Nusu Kilo ya Nani

Mimi mtu wa mizani, karafuu ndiyo kazi,
Wete chini bandarini, tangu enzi za wazazi;
Juzi waja ofisini, na jambo lisilo wazi:
Nisipime mbata, nazi, ila watu wa uzito.

Yao imevunjikia, melini toka Unguja,
Chama kikanililia, kwamba siku imekuja,
Gombani kumeenea, mabango yenye vioja;
Marudiano yangoja, na tiketi zina moto.

Mwaka jana Ngwali Kombo, kilo mia ishirini,
Faki naye, hana tumbo, nane juu ya tisini;
Akawa kama ulimbo, kamlalia shingoni,
Raundi ya nane chini, Faki kashindwa na zito.

Hakushindwa kwa makonde, mie nilikaa mbele,
Ni kubebeshwa mapande, kama punda wa mchele;
Kila akenda upande, Ngwali yupo pale pale.
Uzito hauna kele, hukuzima kama moto.

Basi mwalimu Makame, kamwambia: "Faki, kula!
Boko boko usikome, muhogo kwa kila hala,
Ukitaka usimame, mizizi haina hila;
Mwepesi hupata dhila, mbele ya mtu mzito."

Faki hapa ndiye kuli, magunia huyabeba,
Sasa kwa gunia mbili, jasho latoka la shiba,
Huomba maji awali, kabla hajafika saba;
Kilo tisa za kuiba, si nyama, maji ya mto.

Najua, maana huja, wakulima wa hadaa,
Maji kopo moja moja, kwenye gunia hutia;
Mizani haina hoja, maji nayo hupimia.
Mkono ndio hujua: kavu hulia kokoto.

Ngwali naye, Mtambile, hakulala na ushindi,
Kaacha wali wa tele, kakataa na mtindi;
Aliwaza: "Faki yule, mwepesi kuliko kindi,
Ana jebu, naye fundi, wa mkono wa kushoto.

"Nisipokuwa na mbio, atanizunguka pote,
Kuganda si kimbilio, refa kasema nisite,
Na hizi kilo, mazao, ya sherehe, nizifute,
Nije mkavu, nipite, panapopita ufito."

Siku ya kupima, ghala, likafurika na watu,
Watoto wakatawala, juu ya gunia zetu;
Faki akavua ndala, kapanda, kimya cha chatu:
Mia na saba; na katu, hazikuwa za kokoto.

Ngwali kavua na shati, mbavu nikazihesabu;
Mshale wenda, waketi, pale pale, kwa adabu:
Mia na saba, na eti, nusu kilo kwa taabu!
Watu kimya kama bubu, wakanyamaza watoto.

Wakatazamana vile, kama waliobadili
Viatu, mlango ule, wa msikiti, wawili;
Kila mmoja ni yule, wa mwaka jana, kamili,
Kafunzwa kumkabili, naye hayupo, ni ndoto.

Barazani watabiri, kila kahawa na lake:
"Faki sasa aghairi, alalie shingo yake."
"La, Ngwali akisubiri, raundi za mwisho zake."
Mie kimya, nijizike, kwenye buku la mapato.

Hata shairi hupimwa, na mizani huwa sawa,
Lakini moja husomwa, la pili halina mbawa;
Na mtu pia huumwa, na kilo alizopewa,
Deni la kilo likiwa, hudaiwa penye moto.

Watu walipoondoka, nikifunika mizani,
Jicho langu likadaka, kitu kidogo, jamani:
Mshale haukufika, sifuri, kwao nyumbani.
Nusu kilo ni ya nani: Faki, Ngwali, au joto?

Nikagonga kwa kidole, mara mbili, haukwenda;
Buku langu li vivile, sikufuta, sikupinda.
Kesho Gombani kengele, itawapima kwa inda,
Nami mbele nitaganda, nisikilize kokoto.