Waya wa Kijani

Kerezo la mjomba Tokuji lilifika Machi
limevikwa mablanketi mawili na kamba ya katani,
kutoka Kaga hadi huku Akiu, kwenye theluji.
Dereva aliomba chai, akasema lina uzito wa ng'ombe aliyegoma.
Ndani ya sanduku la patasi mlikuwa na buti za mpira,
nyeusi, kisigino cha kushoto kimelika.
Nikazisukuma kando. Nani ataka buti za marehemu?

Plagi ina miguu miwili, kama plagi zote za kwetu,
na ubavuni pake waya wa kijani
umeviringwa vizuri, umefungwa uzi mwekundu wa kushonea,
haujapata kuonja skrubu.
Miaka thelathini na minne:
mgeni aliyekaribishwa asionyeshwe kiti.

Nikachomeka. Nikaweka kiganja juu ya chuma.
Ganzi ndogo, sisimizi waliopotea njia,
kutoka kidole cha shahada mpaka kiwiko.
Ndipo nikamsikia mjomba anavyocheka:
"Mashine yangu ina adabu, kila asubuhi hunisalimu."
Na buti za mpira Januari,
na buti za mpira Agosti, jasho likimtiririka.
Sisi tulisema ana baridi ya miguu.
Mkaza mjomba alimfumia soksi.

Nilikaa juu ya gogo, buti zile mapajani,
nikahesabu soksi.

Fundi Onodera alikuja na fimbo za shaba na nyundo,
mwanamke mfupi, maneno yake ya kupimwa kwa kijiko.
"Umeme hauna kisa na mtu," alisema.
"Unatafuta pa kushukia, kama maji ya paa.
Usipoupa mfereji, mfereji ni wewe."
Fimbo ya kwanza akaipigilia chini ya mchirizi.
Kipimo: mia tatu na arobaini.
Ardhi yetu ni kokoto za mto, ardhi bahili.
Ya pili, akiwa ameziunganisha: mia na themanini na sita.
Alitaka chini ya mia. Nikamuuliza, haitoshi?
Akanitazama kama niliyeuliza
kama nusu ya daraja inatosha.
Ya tatu akaipeleka nyuma,
kwenye udongo mweusi unaokunywa maji ya bafu letu.
Sabini na mbili.
Ule uzi mwekundu aliukata kwa meno,
akaukaza waya wa kijani mahali pake, zamu moja, nusu zamu,
akafunga swichi inayokata umeme ukivuja,
akaibonyeza kuijaribu: tak.
Giza. Akatabasamu mara moja, siku nzima.

Bolti nne nilikaza mwenyewe,
na mguu wa nyuma ukadai kipande cha boksi la kiberiti
ndipo povu la pimamaji likatulia.
Kule Kaga umeme hupiga mara sitini kwa sekunde, huku hamsini;
kwa hiyo linazunguka taratibu,
mzee aliyehamia kwa mkwewe, bado anapapasa swichi za taa.
Ningeweza kubadili puli. Niliacha. Na azoee.

Asubuhi ya Jumanne nilifunga nywele, nikavua saa,
glavu nikaziacha, kwa kuwa chuma kinachozunguka
hakijui kitambaa kinaishia wapi na ngozi inaanzia wapi.
Ufunguo wa taya nikautundika msumarini.
Nikauzungusha mti kwa mkono, duru kamili,
nikisikiliza kama unagusa kiegemeo.
Haukugusa.
Kisha, kabla ya patasi, kiganja juu ya chuma.

Baridi.
Baridi tupu. Hakikunisalimu.
Nikakiamkia mimi.

Kichwa cha kwanza cha mwanasesere kilitoka na kidevu kinene.
Buti ziko mlangoni, nazivaa nikikokoa theluji.
Juzi mkaza mjomba alipiga simu:
linafanya kazi?
Linafanya, nikasema.
Akauliza kama huku miguu haigandi,
anazo pamba mbili za sufu ya kijivu, amekaa tu.

Nikamwambia afume.