Sentensi Kumi Kuhusu Mtu Unayemjua

Jumanne usiku, Soria. Theluji imekwisha kuwa tope.
Juu ya duka la vitambaa, chumba chenye hita moja,
mwalimu Obdulia anaandika, chaki inalia:
me levantaré, te levantarás, se levantará.
"Kitenzi msikikate. Kichukueni kizimakizima,
mkitundikie mkia. Na kijineno hicho cha mbele
ndicho kinachomrudishia mtu tendo lake."

Radostina wa Plovdiv, mikono inanuka marhamu,
ananakili. Alama ya mkazo anaichomeka
kama pini kwenye upindo.
Nafsi zote zimevikwa alama hiyo,
isipokuwa sisi. Nos levantaremos: kichwa wazi.
Anauliza kwa nini.
Obdulia anapangusa miwani. "Ndivyo ilivyo."

Kazi ya nyumbani, anaifanyia jikoni, usiku wa manane:
Don Eutimio se levantará a las siete.
Kalamu inasita.
Mzee hajiinui. Yeye ndiye humwinua,
mkono kwapani, moja, mbili, haya.
Se lavará. Uongo.
Se afeitará. Uongo mtupu; kile kidonda kidevuni
ni wembe wake yeye, uliteleza Alhamisi.
Se vestirá: vifungo vinane, vyote kwa vidole vyake.
Basi anafuta, anaandika upya:
lo levantaré, lo lavaré, lo vestiré.
Zote sasa ni kweli,
na zote, anajua, zitapigwa mstari mwekundu.

Mzee amebakiwa na vitenzi gani vya kwake?
Se enfadará, supu ikikosa chumvi.
Se reirá, peke yake, saa tisa usiku,
kwa utani wa mtu wa reli aliyekwisha kuzikwa.
Se dormirá.
Kuna kimoja anakiruka. Anakijua. Hakiandiki.

Waspanyola hata kuondoka hujifanyia wenyewe: me iré.
Nasi tunalo hilo, nitajiendea zangu,
bega limepandishwa kidogo, mlango umeachwa wazi.
Ila wao hata kubaki hujifanyia,
kana kwamba mtu hujishika mkono mwenyewe
akajikalisha kitini.

Kila usiku, taa ikizimwa, Eutimio huuliza
kwa sauti ileile iliyokuwa ikitangaza treni:
"¿Te irás?"
Mwanzoni alijibu no, basi, kwa kuwa hakuwa na zaidi.
Leo, kabla ya kalamu, kabla ya mkia kutundikwa,
ulimi umemtangulia:
"Me quedaré."
Mzee akanyamaza. Kisha akamsahihisha,
kwa ukali wa mkuu wa stesheni:
"Nos quedaremos, mujer."

Sentensi ya kumi, basi.
Anaiandika, na kwa mazoea anaichomeka pini mwishoni.
Anakumbuka. Analowesha kidole kwa mate,
anasugua, anasugua,
mpaka karatasi inatoboka.