Nusu Saa, Chini ya Loleza

Juni, saa kumi na mbili, maji yanang'ata kisogo.
Kocha Mwakalinga hakutaja ushindi.
Dakika thelathini, mwendo mmoja, alisema,
na usinidanganye.

Tulinagwe anahesabu kwa maharage:
kila nikigusa ukuta, moja
linatoka koponi, linaingia kikombeni.

Mia ya kwanza nilijidai.
Moja na tisa! Kocha akaguna tu.
Mia ya sita mabega yakaanza kudai deni,
hewa ya huku juu nyepesi kama uji wa mgonjwa,
navuta, haishibishi, navuta tena.

Halafu, sijui mia ya ngapi,
mkono ukaacha kugombana na maji.
Ukaingia. Ukashika. Ukapita.

Filimbi.

Mdogo wangu akamwaga kikombe juu ya taulo:
themanini na manane,
na moja chini, kwenye sakafu,
hakumbuki kama lilihesabiwa.

Kocha akagawanya, akafuta, akagawanya.
"Moja na ishirini na mbili. Hii ndiyo yako.
Ile ya kwanza uliazima."

Nilicheka, meno yakigongana.
Jioni tuliyapika yote,
pamoja na lile lenye shaka.