Tarakimu Ishirini

Umeme umekatika saa mbili na robo,
maharage yakiwa nusu ya safari.
Si wao, ni sisi. Kwa jirani taa zinawaka,
kwa Mama Ndeshi runinga inajichekea peke yake,
na hapa kwetu Pasua, mvua ya Aprili juu ya bati,
nyumba imefumba macho.

Tangu Jumanne hatusemezani, mimi na Kundaeli.
Sababu yenyewe imekaa juu ya meza ya jikoni,
presha kuka ya umeme, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi.
Aliinunua Dabo Rodi bila kuniuliza
kwa fedha ya kutengeneza friji,
friji ambayo mlango wake tunaufunga kwa mpira wa baiskeli.
"Inaivisha kwa dakika arobaini," alisema.
Nikamwambia, "Na uniti ataivisha nani?"
Basi. Tangu hapo ni salamu za mlangoni,
chumvi inaombwa kwa kidole.

Elirehema ametuma tokeni kutoka Dodoma.
Simu ya baba yake imelia mara moja,
chaji asilimia tatu.
Mita iko ukuta wa nyuma, upande wa migomba,
juu kabisa, kana kwamba fundi aliyeifunga alikuwa twiga.
Mmoja apande stuli, mmoja asome.
Huwezi kununa na kuweka umeme kwa wakati mmoja.
Nimejaribu.

Nikapanda. Akaibana stuli kwa magoti,
mwavuli kwapani, simu mkononi,
na maneno ya kwanza kuniambia baada ya siku tatu yakawa,
"Tano. Tano. Sifuri. Mbili."
"Tano, tano, sifuri, mbili," nikaitikia
kama tuko kanisani.

Saba haibonyezeki.
Saba ilikufa mwaka juzi,
mpaka uichokonoe kwa mpini wa kijiko,
na kijiko kimo mfukoni mwangu, nyumba hii naijua.
"Saba." Ngoja.
"Saba." Ngoja kwanza, baba.
"Nane." Nimesema ngoja!
Tarakimu ya kumi na sita, simu ikazima uso.
Akaigusa kwa kidole chenye maji, haikumtambua.
Akakifuta kwenye khanga yangu. Sikusema kitu.
Nne za mwisho tukaziweka kwa kukumbuka.

Mita ikatafakari.
Ikakataa.

Hapo ndipo alipocheka. Si sana,
puani tu, kama mtu aliyepaliwa na togwa.
Nami kule juu, mvua inaniingia shingoni,
kicheko kikanishika, stuli ikacheza.
"Utaanguka wewe," akasema,
na magoti yakakaza.

Tukaanza upya. Nne, pumzika, nne,
kama watu wanaovuka mto Rau kwa mawe.
Asilimia moja.
Tisa. Sifuri. Saba.
Ile saba ya mwisho niliichokonoa kwa dua.

Taa ya barazani ikapepesa.
Friji ikakohoa, ikajikumbuka, ikaanza ngurumo yake ya paka aliyeshiba.
Runinga ikapaza sauti katikati ya tangazo la sabuni,
king'amuzi kikaanza kujitafuta, asilimia kumi, ishirini,
na pasi, nani aliiacha pasi?
Simu yake ikafa palepale, kazi imeisha.

Jikoni kile kitu cheusi kikalia pii,
namba nyekundu zinawaka na kuzima, kinasubiri kuambiwa.
Kundaeli amesimama mlangoni anakitazama,
mimi najifuta nywele,
kila mmoja anamngoja mwenzake.

Maharage ya Jumatano yalikuwa laini kama siagi.
Nilikula nimesimama, mabakuli mawili,
yeye akiwa kazini, kisha nikaosha kijiko.
Hajui mpaka leo.
Mita inasema uniti ishirini na nane nukta nne.

"Bonyeza," nikamwambia. "Yalishaiva nusu."