Mkanda wa Upande wa Kushoto

Daktari aliuliza: nani mwingine katika ukoo?
Fomu ilikuwa na mistari mitatu.
Mama akaomba karatasi ya ziada.

Aliandika akiwa ameunyanyua mkono wa kushoto
kama aliyebeba kuku kwapani,
maana hata pamba ya shati ilimuunguza.
Malengelenge yalitoka mgongoni, yakazunguka ubavu,
yakakoma katikati ya kifua, pu,
kama yamefika mpakani bila pasi.

Bibi Kinue, miaka arobaini na miwili.
Mjomba Tokuji, jichoni; hadi leo hulifumba nusu.
Shangazi Sawako. Akasita, akamfuta:
Sawako aliolewa tu kwetu,
maumivu yake ni ya kwao.

Kisiwani Shodo tunapika sosi ya soya.
Mapipa ya mwerezi yamewazidi umri
wote walioandikwa kwenye karatasi ile.
Babu alikataza kuyasugua:
ndani ya mbao wamo wasioonekana,
husinzia baridi yote, na joto likirudi
soya huchemka bila moto.

Mama aliugua tetekuwanga akiwa na miaka saba.
Alipopona walimpikia wali wa maharagwe mekundu.
Mgeni akala naye, kisha akajikunja
kwenye mzizi wa neva, miaka hamsini.

"Wa rika lako karibu wote wanaye," alisema daktari.
"Swali ni bawabu."
Akachora lango nyuma ya fomu.
"Jeni humfundisha bawabu nyuso za kukamata.
Kuna koo ambazo bawabu ana macho ya mwewe, na kuna..."
"Ambazo husinzia," Mama akamalizia.
"Labda. Umri nao umo, uchovu nao umo. Jeni si hukumu."
Mama aliikunja karatasi mara nne.
Maji hufuata mkondo, nilitaka kusema. Nikanyamaza.

Usiku akaniambia nifungue sanduku:
mkanda wa kimono wa Bibi Kinue,
hariri ya kijani, mita nne,
harufu ya kafuri na ya mtu.
"Huu wako," akasema.
Ule mwingine hakuutaja.

Nina miaka thelathini na minne.
Nikioga hujipapasa ubavu,
kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.
Mei imeingia. Ghalani naegemeza sikio kwenye pipa:
povu moja linapasuka.
Kimya.
Na jingine.