Sawa Ipi?

Alikuja Jumanne, yule bibi wa mafunzo,
kwa treni ya asubuhi kutoka Edinburgh,
na kadi za rangi nne ndani ya mkoba.
Tukaketi juu ya marobota ya mashuka
katika dobi la hospitali, hapa Dundee,
madirisha yakitoka jasho, nje mvua ya ubavu,
ile isiyoshuka, inayokupiga kofi.

Maswali arobaini. Je, ukikosewa,
husema papo hapo, au hungoja, au humeza?
Nikatia alama humeza, humeza, humeza,
mpaka penseli ikaona haya.

Senga akapewa nyekundu. Hakuna aliyeshtuka.
Senga, ambaye hapana yake huingia chumbani kabla yake,
aliyeniambia siku yangu ya kwanza
kwamba nakunja mashuka kama mtu anayefunga sambusa.
Nilikaa na neno hilo wiki tatu,
nikilala nalo, nikiamka nalo,
kumbe yeye alilisahau kabla chai yake haijapoa.

Zbigniew, buluu. Mtu wa daftari.
Hasemi nawe, hukuandikia.
Unakuta karatasi kwenye kabati lako:
"Sabuni ya ngoma namba mbili imezidi gramu sitini."
Hakuna salamu, hakuna jina.
Lakini ukipima, ni sitini kweli.

Mimi kijani. Mpole, kadi ikasema,
msikivu, mpenda amani.
Nikacheka ndani kwa ndani.
Bibi, ningekwambia, huu si upole,
ni malezi. Kwetu Lushoto
deni halidaiwi mlangoni:
unauliza hali, watoto, maharage yameshikaje,
na kabla hujafika kwenye fedha
mwenzako ameshaitoa mfukoni kwa aibu.
Kadi haina rangi ya hilo.

Sasa, mashine namba nne.
Wiki nzima ilikuwa ikilia chini ya mlio wake,
kilio chembamba, cha mtoto asiyetaka kuamsha wenzake.
Niliisikia. Nikamwambia Senga,
kwa adabu zote nilizosafiri nazo,
"Ile namba nne, leo naona kama imechoka kidogo."
"Sote tumechoka, Shekue," akasema, akapita na toroli.
Jioni akaniuliza kama kila kitu kiko vizuri.
Nikamjibu kwa neno la kwetu, alilokwisha kulizoea:
sawa.

Alhamisi, saa tisa usiku, beringi ikakatika.
Maji yakatufika vifundoni,
mashuka ya wodi saba yakaelea,
na Senga akapaza sauti juu ya mvuke:
"Ulijua! Ulijua, na hukuniambia!"
Nami, kwa mara ya kwanza katika nchi hii,
nikapiga kelele:
"Nilikwambia! Hukusikia!"

Zbigniew akaacha kuandika.
Sauti yangu ilibaki hewani, ngeni kwangu,
kama koti la mtu mwingine linalonitosha.

Senga hakukasirika. Hilo ndilo lililonishangaza.
Akakamua soksi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akasema, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia,
"Basi nifundishe. Ukisema imechoka, maana yake nini?"
"Maana yake inakufa."
"Na ukisema sawa?"

Hapo nikakwama.
Kuna sawa ya nimekubali,
na sawa ya nimesikia lakini sitafanya,
sawa ya niache kwanza,
sawa ya mama amelazwa na sitaki kulia mbele za watu.
Alihesabu kwa vidole vyake, vyekundu kwa sabuni,
akafika cha nne, hakuendelea.

Kadi bado zimebandikwa ukutani.
Mvuke umezikunja pembe, buluu na kijani
hazitofautiani tena ukizitazama kutoka mlangoni.
Senga bado anapasua maneno kama kuni.
Mimi bado naanza na habari za mvua.
Ila siku hizi nikimjibu, husimamisha toroli,
hunitazama, na kwa Kiswahili chake cha maneno mawili
kilichopindwa na upepo wa mto Tay,
huuliza: "Sawa ipi?"

Juzi nilimwambia.
Ya nne.