Kenda

Sauti ya kumi na saba, faili la Micheweni.
Dakika nne, sekunde tatu.
Bi Mize Faki Shaame. Umri: "Andika uutakao."
Kazi: mwani wakati wa bamvua,
ukili maji yakiwa mafu.

Alikuwa akisuka tulipokuwa tukirekodi,
na kila ukili ulipopita chini ya mwenziwe
kipaza sauti kilinasa mchakacho mdogo
ambao mwongozo unanitaka niuwekee alama: KELELE.
Jogoo: KELELE.
Mjukuu anayeomba mia mbili: KELELE.
Adhana ya alasiri niliiacha bila alama.
Sikujua niiite nini.

Kabla ya hapo nilimsomea fomu ya ridhaa, kurasa mbili.
Sauti yako itahifadhiwa kwenye seva.
"Iko wapi hiyo?"
Mbali, Bi Mize. Ng'ambo.
"Mie pasi sina. Kumbe sauti yangu inayo."
Akatia dole gumba, akalifuta kwenye kanga,
akauliza kama vocha ya elfu tano ni ya mtandao wowote
au ni ya ule usioshika kwao.

Sasa ni usiku, Tunguu, maabara ya ghorofa ya pili.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndani ya ndoo ya rangi.
Mashine imeshamsikiliza. Imeandika kabla yangu,
haraka, kwa herufi safi,
bila kusita hata pale aliposita yeye:

Mume wangu 9.
Mwanangu wa kwanza 9 Maskati.
Nimebaki mie mkono.

Nilicheka, wallahi, peke yangu,
mpaka mlinzi akachungulia.
Kisha nikavaa visikizi, nikarudisha nyuma.

Mume wangu kenda.
Anashusha pumzi. Ukili unapita.
Mwanangu wa kwanza kenda Maskati.
Nimebaki mie kuno.

Kuna mtu aliilisha vitabu vya zamani,
ikajua kwamba kenda ni tisa, hesabu ya mababu.
Haikupata wa kuiambia
kwamba kwetu mtu huondoka kwa neno hilohilo.

Mwongozo, ukurasa wa sita.
Umeandikwa na Daktari Thuwaiba,
mwanamke mwema, anayetulipa kwa wakati:
Lahaja zote zirejeshwe kwenye usanifu.
Basi nifute 9, niandike amekwenda.
Ni sahihi. Hakuna atakayenilaumu.
Na mradi ni wa zahanati: mgonjwa apige simu,
mashine imsikie, impe siku yake ya kupima presha,
asipoteze nauli kwenda kuambiwa rudi kesho.
Ombi la fedha niliandika mimi nusu yake. Nililiamini.
Nalo bado naliamini.

Ila naijua hiyo amekwenda.
Miaka mitano nyuma niliingia dahalia ya hapa na begi moja,
usiku wa kwanza nikauliza,
"Mwenzetu yuno kenda wapi?"
Wakalirudia hadi taa zikazimwa.
Walilirudia kwenye foleni ya chai.
Wiki ya tatu nilikuwa nasema huyu, nasema amekwenda,
laini, bila kosa,
na hapakuwa na aliyenipa vocha.

Hayo tisa.
Kumi ni mama, aliyepiga magharibi nisipokee,
akaacha ujumbe wa sekunde kumi na moja:
Mwanangu, kwendapi vino, hata simu hushiki?

Sijaupitisha kwenye mashine.

Kwenye mstari wa kwanza wa Bi Mize
naandika kenda, kwa herufi.
Wa pili, kenda. Wa tatu, kuno.
Usahihi unashuka, sehemu ndogo ya asilimia,
kitu cha kujieleza nacho Jumatatu.

Halafu nampigia mama.
Simu inaita, na kabla hajapokea
natafuta mdomoni
nilikuwa nikimwitikiaje.